Ekstensheni ya Baba Mdogo ilituwakia moto, nami naambiwa ninyamaze

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mwanga hapa Kigoma na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume wangu ni mtu wa dagaa. Anachukua mzigo mwaloni Kibirizi anaupeleka Kasulu na Kibondo, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tunabaki mimi na watoto.

Mwaka huu tulijibana tukanunua friji. Pale tulipotaka kuliweka hapakuwa na soketi karibu, nikaenda kununua ekstensheni. Sikutaka kubahatisha kwa wamachinga, nikaenda dukani kwa Baba Mdogo wa mume wangu. Huyu mzee ana duka la vifaa vya umeme la siku nyingi. Baba mkwe alipofariki, yeye ndiye aliyemlipia mume wangu ada mpaka akamaliza shule, na ndiye aliyesimama kwenye mahari yangu. Nampenda na namheshimu kama baba mkwe.

Nilimwambia kabisa: Baba, nataka ya friji, na mara nyingine nitapigia pasi hapohapo. Akatoa moja akaniambia, "Hii ndiyo yenyewe, waya mzito, chukua hii usihangaike." Juu imeandikwa 13A, 250V. Nikalipa shilingi 28,000 kwa simu. Risiti ya mashine hakunipa. Alinipa kikaratasi cha mkono chenye muhuri wa duka, na chini yake yamechapwa yale maneno: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Haukupita muda friji likaanza kupiga shoti. Ukiligusa mlango mkono ukiwa umelowa, unasikia linakuuma. Nikadhani friji ndilo bovu. Halafu Jumapili moja jioni binti yangu mkubwa alikuwa anapiga pasi sare za wadogo zake, mimi niko jikoni nje. Nikasikia harufu ya plastiki, na kabla sijafika sebuleni mtoto akapiga ukelele. Ekstensheni imewaka pale kwenye matundu, moto umedaka pazia. Yeye alikimbilia kuchomoa plagi, ile plastiki iliyoyeyuka ikamgandia kiganjani. Jirani yetu, Mungu ambariki, alikimbilia kwenye meni swichi akazima, ndipo tukamwaga mchanga. Pazia na kipande cha zulia vimeteketea. Mtoto alipakwa dawa ya meno na jirani mwingine, kesho yake nikampeleka hospitali na bado anafungwa bandeji.

Fundi alipokuja kuangalia nyumba aliifungua ile ekstensheni mbele yangu. Plagi ina miguu mitatu, lakini ndani ya waya mna nyaya mbili tu. Mguu wa tatu haujaungwa na kitu. Na zile nyuzi zenyewe ni chache, nyembamba kama nywele. Akakwangua mmoja kwa wembe, rangi ya shaba ikatoka, chini pakawa peupe. Akaniambia, "Mwalimu, hii siyo shaba, wamepaka tu."

Nikaenda nayo dukani. Baba Mdogo akasema nimeizidishia mzigo, na akanionyesha maandishi ya kwenye karatasi. Sikubishana naye, nikarudi nyumbani. Jioni shangazi wa mume wangu akanipigia simu kwamba nataka kumchafua mzee kwa shilingi 28,000. Mume wangu naye anasema tuyaache, ukoo ni mkubwa kuliko ekstensheni.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba zilezile bado zinaning'inia dukani. Na dada mmoja wa mtaani kwetu anayelea watoto wadogo mchana, chekechea ndogo nyumbani kwake, amenunua mbili hapohapo. Naogopa kumwambia kwa sababu nitaonekana natangaza ubaya wa mkwe wangu.

Shangazi, nina haki gani kama mnunuzi ambaye hana hata risiti ya maana? Na nikidai, nitakuwa nimemkosea adabu mzee aliyemlea mume wangu?

Mwalimu, Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mpe pole zangu binti. Amejaribu kuokoa nyumba ya wazazi wake, asije akasikia hata siku moja mtu anamlaumu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nakujibu kwa haraka ya jambo lenyewe. Habari ya Baba Mdogo nitaifikia. Kwanza ni hao watoto wa chekechea.

Nenda leo. Usisubiri mume arudi kutoka Kasulu, usisubiri kikao cha ukoo. Mwambie yule dada ulichokiona kwa macho yako, basi: "Ekstensheni niliyonunua mimi imewaka moto, fundi ameifungua akakuta haina waya wa ethi na nyuzi zake siyo shaba. Zako ni za aina ileile. Zichomoe, mwite fundi azifungue." Jina la duka huna haja ya kulitaja, analijua. Hapo hujamsengenya mtu wala hujasema mzee ni mwizi. Umeeleza tukio lililotokea sebuleni kwako, na mkono wa mwanao ni shahidi. Ukinyamaza na moto ukatokea kule, mwanangu, hakuna heshima ya ukweni itakayokupa usingizi.

La pili ni mkono wa binti. Endelea na hospitali mpaka wakuruhusu, na uliza kama ameshachomwa sindano ya pepopunda. Na niwaambie wote mnaosoma, kwa sababu kule Kigoma nawafahamu, mtu akiungua mawese yanatoka jikoni mbio: dawa ya meno, mawese, asali, majivu, vyote hivyo vinazuia joto lisitoke na vinaingiza uchafu kwenye kidonda. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Na moto wa umeme usiumwagie maji kabla umeme haujakatwa. Jirani yako alifanya sawasawa kuanza na meni swichi. Namba ya Zimamoto nchi nzima ni 114, iandikeni ukutani.

La tatu, hilo friji. Lilikuwa linapiga shoti kwa sababu ile ekstensheni haikuwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini unapovuja kwenye bodi la chuma. Mguu wa tatu wa plagi ulikuwa pambo. Umeme ukivuja, ukikosa njia ya ardhini unamsubiri mtu mwenye mkono uliolowa awe njia yake. Lakini friji lenyewe pia likaguliwe, na ethi ya nyumba yenu ipimwe, kwa sababu friji zima halitakiwi kuvujisha umeme wa kumuuma mtu hivyo. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, umwombe akuonyeshe hiyo leseni. Mpaka apime, liache limechomolewa.

Haya, sasa haki yako.

Unayo, na ni kubwa kuliko ulivyodhani. Tanzania ina Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani ambayo wengi tunaiita FCC. Watu wakisikia ushindani wanadhani ni mambo ya makampuni makubwa kugombania soko. Sehemu nzuri ya sheria hiyo inamhusu mlaji, yaani wewe uliyeingia dukani na shilingi 28,000. Inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, iwe kwa mdomo au kwa maandishi ya kwenye boksi. Inaweka masharti ambayo yamo ndani ya kila mauzo kwa mlaji hata kama hayakutamkwa. Na ina sehemu nzima ya usalama wa bidhaa. Kabla yake ilikuwepo, na bado ipo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inasema jambo ambalo bibi zetu sokoni wangelikubali bila wakili: ukimweleza muuzaji kitu unakitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake yeye mwenye duka la bidhaa hizo, basi anachokupa lazima kiifae kazi hiyo.

Soma tena barua yako mwenyewe. Ulimwambia ni ya friji na pasi. Akachagua yeye. Akakuhakikishia waya ni mzito. Kila neno hapo linakusimamia.

Na yale maneno ya kwenye karatasi, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayawezi kukufunga kwa bidhaa mbovu au ya hatari. Haki ambayo sheria imempa mlaji, muuzaji hawezi kuifuta kwa muhuri wa duka. Ungekuwa umerudisha ekstensheni nzima kwa sababu rangi haikukupendeza, hapo angekuwa na la kusema, maana mnunuzi akibadili mawazo tu muuzaji halazimiki kupokea. Lakini hiyo yako imeungua! Nasikitika sana nikiona maneno haya yamebandikwa karibu kila duka kuanzia Lumumba mpaka Ujiji, kwa sababu kazi yake kubwa ni kumfanya mtu mwenye haki ageuke njiani arudi nyumbani kama ulivyofanya wewe.

Kuhusu kuzidisha mzigo, tukokotoe pamoja, wewe ni mwalimu. Juu pameandikwa ampea 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha, utapata karibu wati 3,000, na huo ndio mzigo ambao bidhaa yenyewe imeahidi kuubeba. Friji la nyumbani linakula kama wati 150 hivi linapofanya kazi. Pasi ya kawaida ni wati 1,000 hadi 1,200. Jumla hazifiki wati 1,400, sawa na ampea 6 tu, hata nusu ya ahadi haijafika. Pasi na friji lako wati zake zimeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au cha chini. Zinakili, uende nazo. Kama ungeunga birika la umeme la wati 2,000 na pasi kwa pamoja, ningekuambia mzee ana hoja. Kwa ulichounga wewe, hana.

Na alichokuonyesha fundi kinajulikana sana kwa watu wa umeme. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, na zipo za chuma zilizopakwa vilevile. Zinapitisha umeme kwa shida kuliko shaba ya unene uleule, kwa hiyo zinapata joto, na zikiwa nyembamba hivyo joto linakusanyika pale zilipoungwa kwenye matundu. Moto wenu ulianzia hapohapo. Ukitaka kujua za chuma, sogeza sumaku: ikinasa, siyo shaba. Lakini alumini nayo hainaswi na sumaku, kwa hiyo sumaku ikikataa usishangilie, fanya kama fundi wako, kwangua kwa wembe uone chini pana rangi gani.

Risiti. Hukupewa ya EFD, yaani ile ya mashine, na hilo ni kosa lake kwa upande wa kodi ikiwa duka lake linatakiwa kuwa na mashine. Mnunuzi naye anatakiwa aidai, ukinunua tena usitoke bila hiyo. Lakini usimkubalie mtu anayekwambia kwamba bila risiti ya mashine huna kitu. Una kikaratasi chenye muhuri wa duka. Una ujumbe wa malipo kwenye simu wenye tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Una fundi aliyeifungua mbele yako, jirani aliyezima meni, cheti cha hospitali. Ujumbe usiufute, upige picha. Ekstensheni yenyewe usiitupe na usimwachie mtu yeyote, hata akisema anakwenda kuionyesha kwa msambazaji. Ifunge kwenye mfuko, iandike tarehe, iweke juu watoto wasifikie. Mwombe fundi aandike mistari michache alichokikuta, aweke sahihi na namba ya leseni yake. Risiti zote za dawa na bandeji zikae pamoja nayo.

Sasa Baba Mdogo.

Nimekuelewa, mwanangu. Aliyemlipia ada mume wako na kusimama kwenye mahari yako si mtu wa kumpandia dukani mbele ya wateja. Wala sikushauri hivyo. Lakini adabu na ukimya ni vitu viwili tofauti. Mimi naona kumkosea adabu mzee ni kumwacha aendelee kuuza moto kwa majirani zake mpaka siku mtoto wa mtu afe na jina lake ndilo litajwe. Anayempenda atamwambia kabla.

Nenda nyumbani kwake jioni, usiende dukani. Mume akiwepo mwende wote, na asipokuwepo nenda na mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili. Nenda na binti na bandeji yake. Mkae, msalimiane, mle kama kuna chakula. Kisha utoe ile ekstensheni, umfungulie, umwonyeshe mguu wa plagi usio na waya, umkwangulie uzi mmoja aone mwenyewe. Yawezekana kabisa hajawahi kuona ndani ya bidhaa anayoiuza. Maduka mengi ya Kigoma yanachukua mzigo wa jumla Kariakoo, boksi linashuka na treni au lori, linapangwa kwenye rafu, na mwenye duka anaamini kilichoandikwa juu kama ulivyoamini wewe. Mwambie hivyo: Baba, huenda na wewe umeuziwa. Mlango wa yeye kutoka kwa heshima uwe wazi.

Halafu uombe mambo yako bila kuyamumunya. Pesa yako yote irudi. Usikubali kubadilishiwa nyingine ya boksi lilelile, hata akikuongezea na taa ya bure. Gharama za matibabu ya mtoto, pazia na zulia, mzungumze, na hapo kwa kuwa ni ndugu unaweza kulegeza kadiri moyo wako unavyotaka, ni pesa yako. Lakini jambo moja usilegeze: zilizobaki dukani zishuke kwenye rafu kesho asubuhi, na waliokwisha kununua wapigiwe simu. Hiyo siyo pesa yako kusamehe, ni maisha ya watu wengine.

Mwambie pia kwamba sheria haimwachi mkono. Aliyemuuzia jumla na aliyeingiza mzigo huo nchini wana wajibu wao, na yeye akiwa na risiti zake za jumla anaweza kuwadai wamrudishie. Muuzaji anayeondoa mzigo mwenyewe na kwenda kutoa taarifa anasimama mahali tofauti kabisa na yule anayekutwa nao. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, wakiukuta wana uwezo wa kuchukua sampuli wakapime maabara, kuzuia mzigo usiuzwe, na ukithibitika kuwa chini ya kiwango uteketezwe kwa gharama ya mwenyewe. Hilo mzee wa biashara atalielewa haraka kuliko mahubiri yangu.

Akikataa, au akikuzungusha kesho-keshokutwa, usiende tena kumbembeleza. TBS wana ofisi ya kanda hapo hapo Kigoma, huna haja ya kusafiri. Kazi yao ni bidhaa hafifu, zilizotengenezwa chini ya kiwango. FCC wao wanashika pia bidhaa bandia, zile zenye nembo ya kampuni nyingine iliyoghushiwa, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na wanapokea malalamiko ya mlaji aliyepotoshwa. Wewe kujua yako ni ipi kati ya hizo si kazi yako, peleka, wao watapambanua. Kama hujui pa kuanzia, afisa biashara wa Manispaa ya Kigoma Ujiji atakuelekeza, na yeye ndiye anayeyajua maduka na leseni zake.

Andika malalamiko yako kwa ufupi, ukurasa mmoja unatosha. Kitu kama hiki: "Tarehe fulani nilinunua ekstensheni iliyoandikwa 13A katika duka lililopo mahali fulani, kwa shilingi 28,000, nikiwa nimemweleza muuzaji kuwa ni kwa ajili ya friji na pasi. Tarehe fulani iliwaka moto na kumuunguza mwanangu mkono. Fundi aliifungua akakuta nyaya mbili badala ya tatu, na nyuzi zisizo za shaba. Nilirudi kwa muuzaji, akakataa kupokea. Naomba bidhaa hii ipimwe, zilizobaki ziondolewe sokoni, na nirudishiwe fedha pamoja na gharama nilizoingia. Naambatanisha nakala za vielelezo." Nakala, mwanangu, siyo zenyewe. Na ukiikabidhi, waombe wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kwa fidia ya matibabu na vitu vilivyoungua, mkishindwana kabisa, mahakama ipo na unaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili bila wakili. Natumaini hamtafika huko. Nakuambia ili ujue kwamba ukikaa mezani na wazee huombi hisani.

Shangazi wa mume wako aliyepiga simu anakuambia unamchafua mzee kwa shilingi 28,000. Usigombane naye. Mwambie tu, "Shangazi, karibu nyumbani uone mkono wa mjukuu wako." Watu wengi wanaosema tuyamalize kimya hawajauona mkono.

Na mume wako. Huyu nadhani anaumia kuliko anavyosema, kwa sababu amebanwa kati ya mzee aliyemlea na mtoto aliyemzaa. Usimpe uchaguzi wa wewe au Baba Mdogo. Mpe kazi. Yeye ndiye mwanaume wa ukoo ule anayeweza kumwambia mzee jambo zito na likasikika, wewe ni mkamwana, maneno yako yatapimwa mara mbili. Mweleze kwamba humwombi ashitaki, unamwomba amfikishie baba yake habari kwamba kuna hatari dukani kwake. Akisema ukoo ni mkubwa kuliko ekstensheni, mkubalie, kisha muulize kama hao watoto wa chekechea si wa ukoo wa mtu.

Haki hii ya kuuziwa kitu salama si jambo la kuletewa jana. Rais Kennedy wa Marekani aliitaja ya kwanza kabisa alipolipelekea Bunge lake ujumbe kuhusu haki za walaji tarehe 15 Machi 1962, na ndiyo maana Siku ya Haki za Mlaji huadhimishwa kila 15 Machi. Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo yake mwaka 1985. Kigoma imekaa miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli, watu wakazoea kuwa na taa mbili na redio. Sasa friji zinaingia, pasi, mabirika, majiko ya umeme, na pamoja navyo zinaingia nyaya za kila namna. Barua yako imenishtua kwa sababu hiyo: naziona nyumba nyingi nyuma ya yako.

Ukienda kununua nyingine, nenda na fundi wako au angalau na macho yako. Ipime uzito mkononi, shaba ni nzito. Tazama ubavuni mwa waya pamechapwa nini: kwa kazi ya friji na pasi utafute uliochapwa 3 na 1.5 mm², yaani nyaya tatu za unene huo, na plagi yenye fyuzi inayofunguka. Mwambie muuzaji aifungue plagi mbele yako, uone nyaya tatu zimefungwa kwenye miguu mitatu. Alama ya ubora ya TBS iangalie, ila alama nayo hughushiwa, kwa hiyo isikufanye uache kuangalia hayo mengine. Anayekataa kukufungulia plagi, rudisha pesa mfukoni. Na suluhisho la kudumu la friji si ekstensheni hata iwe nzuri vipi: mwambie fundi akuvutie soketi ya ukutani pale friji linapokaa, kwa waya wa 2.5 mm² wenye ethi, na atakayekuja kuifunga awe ndiye yule aliyekuonyesha leseni.